Mwasiti Hakutaka Kuangalia

Kazi yangu mimi ni mlango. Balagizi, mtaalamu wetu wa picha, akija na wageni huwaambia kwamba mimi ni "réception," nami humwacha aseme, kwa kuwa neno la Kifaransa halimpunguzii mtu kitu. Ukweli ni kwamba nimepewa meza, kiti na birika la chai, na kila anayeingia kwenye ile maabara lazima apite mbele ya macho yangu. Kwa hiyo watu nawajua. Na huyu ninayetaka kumsimulia, Mwasiti, nimemjua pale pale mlangoni, yeye kwenye benchi na mimi kwenye kiti, na hadi leo hasira hunipanda nikikumbuka jinsi mji mzima ulivyomwacha peke yake.

Siku ya kwanza alikuja kugombana. Aliingia na mtandio mweupe, mrefu, mwembamba, viatu vimejaa vumbi jeusi la mawe ya volkano, akasimama mbele ya meza yangu bila kusalimu. Mimi nikamuuliza swali ambalo wanawake wa Goma tunaulizana kabla hata ya kuulizana hali.

"Mama ya nani?"

Maana huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe huwekwa sandukuni. Mimi naitwa Christa, lakini hata padri wa parokia yangu huniita Mama Rosette. Yule mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa amemficha nani chini ya kitanda.

"Ya hakuna mutu," akajibu. "Mwasiti tu."

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. Nikamwambia, "Basi kaa, Mwasiti-tu, usinisimamie juu ya kichwa." Akakaa. Akasema amesikia kwamba ndani ya nyumba hii mimba zilizotoka za wanawake wa hospitali zinakatwakatwa kama nyama ya sokoni, na kwamba yeye ndiye anayeosha maiti za wanawake katika mtaa wao wa Mabanga, na hataondoka mpaka aambiwe zinapotupwa.

Balagizi akatoka na koti lake jeupe. Ni mtu wa Bukavu kama mimi, kwa hiyo maringo yake nayajua tangu kwenye chimbuko. Huongea kama anayesoma Injili. Lakini siku ile alimweleza vizuri, nakubali. Alimwambia kwamba wanataka kujua mtu anaumbwaje katika majuma ya mwanzo kabisa, moyo unajikunja wapi, unakosea wapi, na kwa nini mimba nyingi namna hii zinatoka kabla ya wakati. Zamani wataalamu walilazimika kukata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Siku hizi kuna mashine. Kitu kinawekwa ndani kikiwa kizima, kinazungushwa taratibu, mashine inakipiga picha kwa maelfu, kisha picha zinapangwa moja juu ya nyingine, na kwenye kioo mtu anaweza kupita ngozi, akapita kifua, akafika moyoni, na kile kitu chenyewe kimekaa tu kwenye kichupa chake, hakijaguswa.

"Hatukatake, mama," akamalizia. "Kisu hatuna, hata ya mukate."

Hilo lilikuwa kweli. Mkate wa chai ninaukata kwa kifuniko cha kopo la sardini.

Mwasiti akatoa masharti. Kisu kisiguse. Kinachoingia kirudi kizima. Na kikirudi, kisitupwe mahali, apewe yeye akizike. Mama yeyote ambaye hana nguvu ya kuzika, Mwislamu, Mkristo, asiye na chochote, Mwasiti atazika kwa niaba yake. Mkubwa wa maabara alikubali mara moja, kwa sababu hadi siku ile wanawake walikuwa wanatukimbia. Mwasiti alipokaa kwenye benchi, wakaanza kukubali. Hakupewa cheo. Alipewa benchi.

Baba yake, mzee Twahiru, alikuja kutoka Kindu na mizigo ya vitambaa, akafungua duka Birere, akafa ameliacha kwa ndugu ambao hawakumkumbuka binti. Mume wake, Djibril, alikuwa dereva wa lori la barabara ya Walikale. Huko akapata mke mwingine, na yule akazaa. Djibril akaanza kurudi mara moja moja, kisha akawa harudi, kisha ikaja habari kwamba amefariki na ameshazikwa. Mwasiti ameosha wanawake wa mtaa mzima kwa mikono yake, na mume wake ameoshwa na watu asiowajua hata sura. Aliniambia hayo huku akipuliza chai, kama anayeeleza bei ya unga.

Mtaani kwao walimhitaji siku ya msiba tu. Siku ya harusi hakuna aliyemkumbuka. Hiyo si dini, ni woga wa watu, wanaona kama mikono yake imebeba kitu. Akipika, majirani husema wameshiba. Sikukuu ya Idi aliniletea pilau mlangoni, sahani imefunikwa kwa kitambaa safi, akaiweka mezani akageukia barabarani ili asione kama nitakula au nitajifanya nimeshiba. Nikala yote, nikalamba na vidole, nikamwambia chumvi imepungua kidogo. Akacheka. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kunipenda.

Na kitu kingine lazima nikiseme, maana ndicho kilichotuletea balaa. Vile vitambaa vyeupe vya kufungia, Mwasiti aliviandaa mwenyewe nyumbani. Alivichovya kwenye maji ya amido, yaani wanga wa mihogo, kama wanavyofanya mama zetu na mashati ya shule, akavipiga pasi ya makaa mpaka vikasimama vyenyewe. Kila kimoja kikubwa kama leso. Nilimwambia dini yake haikumwomba kazi hiyo, na udongo haujali pasi. Akanijibu, "Na nani atamupigia pasi, kama haiko miye?"

Wanawake walipokuja wakilia alikuwa na maneno yake, yale yale kila siku, kwa sauti ya chini, mkono juu ya goti la mama: "Ni damu tu, mwanangu. Miezi ine haiyafika, roho haiyapulizwa. Haipewe jina, haisaliwe. Usilie kama mutu mwenye kuzika mutu." Na kweli walitulia. Sheria ile alikuwa anaijua vizuri, maana ni ya kazi yake, na mimi nilidhani ni maneno ya kazi tu, kama padri anavyosema "nenda kwa amani" huku anawaza chakula.

Mpaka siku moja mvua ilitufungia ndani, barabara imekuwa mto, hakuna anayeingia wala anayetoka. Nikamtania, nikamuuliza kwa nini hajawahi kuingia kwenye chumba cha Balagizi kuona zile picha. Kila mtu ameziona, hata mimi, hata fundi wa umeme. Yeye akipewa kichupa hupokea akitazama ukutani, hufungua na kufunga kwa vidole tu, macho juu, akisoma Bismillahi. Nilidhani ni adabu.

"Haiko adabu," akasema. "Miye mimba tatu ilinitoka, Christa."

Mbili zilitokea nyumbani, mapema. Ya tatu ilikuwa imekaa vizuri, ilikuwa inamaliza mwezi wa tatu, akaanza hata kuificha kwa kitenge. Ndipo mlima ukapasuka, ule mwaka moto ulipopita katikati ya mji, sasa ni miaka ishirini na mitatu. Walikimbia na umati kwenye barabara ya Sake, kichwani godoro, na walipofika Mugunga tumbo likamkata. Mama mkwe wake akamsitiri nyuma ya mawe. Kilipotoka, mama mkwe alikifunga kwenye pembe ya kitenge, akakisukuma katikati ya mawe ya lava, akaweka jiwe lingine juu. Akamwambia: "Ni damu tu, twende, moto inakuja." Mwasiti akainuka akaenda.

"Kama ilikuwa damu, niliacha damu," akaniambia. "Haiko mubaya kuacha damu. Sababu ya ile sitaki kuona ile picha. Nikiona si damu, nitafanya nini na miaka yangu yote?"

Sikumtania tena juu ya jambo hilo.

Sasa nieleze ile mashine kidogo, maana bila hivyo mtafikiri ni uchawi. Ni kama sanduku la friji ndogo, limekaa juu ya mipira ya ndani ya matairi ya lori, kwa sababu huku chini kwetu ni mwamba, na lori likipita barabarani mwamba unatetemeka, na mlima nao una mambo yake. Picha inataka utulivu kwa saa nyingi. Kwa hiyo Balagizi akiwa kazini hutundika kitambaa chekundu mlangoni, na sisi wengine tunatembea kama tunaiba. Nyama changa kama ile haionekani vizuri mpaka ilowekwe kwanza kwenye dawa ya kahawia, iodi, ile ile inayopakwa kwenye vidonda. Baada ya picha, Balagizi aliitoa rangi kwa dawa nyingine, iliyobaki kutoka zama za picha za mifupa za filamu, na kitu kikarudi na weupe wake. Mwasiti hakuwahi kujua habari ya rangi. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu.

Kisha vita vikaingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, na vitu vikaanza kwisha kimoja kimoja. Dawa ya kutoa rangi ikaisha. Balagizi akaamua kusuuza kwa maji tu, siku baada ya siku, akaona rangi imepungua, akaridhika. Hakusema na mtu. Ndivyo alivyo.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Yasmini. Msichana mdogo wa Mugunga, ameolewa mwaka mmoja, mume amekwama upande wa Uvira na simu yake haipatikani. Mimba ya kwanza, imetoka mwanzoni kabisa. Mwasiti aliweka mkono gotini, akasema maneno yake. Yasmini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mama. Lakini sitaki wamukate." Mwasiti akamwapia kwa Mungu. "Itarudi vile inaenda." Msichana akasema kwamba siku ya kurudishwa atakuja mwenyewe kuzika. Wengi hawaji. Huyu alikuja asubuhi mapema, kanga mbili, amefunga uso kama mtu mzima.

Balagizi alileta kichupa akakiweka kwenye meza yangu, akarudi zake ndani. Mwasiti akatandika kitambaa chake kilichosimama kwa pasi. Akainua macho ukutani, akafungua, akaweka, akakunja, kona kwa kona, vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilisikia Yasmini akivuta pumzi.

Kitambaa kilikuwa kinageuka rangi. Kwanza doa la buluu kama wino wa mwanafunzi, kisha likapanuka, likawa jeusi, jeusi kabisa, likapanda kwenye mikunjo mbele ya macho yetu. Weupe wote ulikwisha kabla Mwasiti hajamaliza dua.

"Bamemuchoma!" Yasmini akapiga kelele. "Mama, bamemuchoma! Uliniapia!"

Mwasiti aliangalia mikononi mwake. Sijawahi kuona uso ukianguka vile. Mwanamke huyu hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, hakuwa na duka la baba. Kitu pekee alichokuwa nacho mjini humu ni kwamba akisema jambo, ni hivyo. Akakibeba kile kifurushi kwa mikono miwili, akatembea moja kwa moja, akapita lile tambara jekundu ambalo hajawahi kulipita, na sisi nyuma yake.

Balagizi alipoona kitambaa, Kifaransa kilimwishia.

"Mulimufanya nini?" Mwasiti akamuuliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mama, hakuna... Hatukumuchoma. Iyi kitambaa uliitia nini?"

"Amido. Ya mihogo."

Balagizi akafumba macho. Kisha akaeleza, safari hii bila mahubiri, akigugumiza. Iodi ikikutana na amido huwa nyeusi, siku zote, hata wanafunzi wa sekondari hufanya hivyo na kiazi. Rangi haikutoka yote, kwa sababu dawa imekwisha, na angepaswa kutuambia. Akatafuta kitu cha kuonyesha, akaona sahani yangu ya mchana ya fufu, ule ugali wetu wa mihogo, niliyokuwa nimeihifadhi kwenye dirisha lake lenye ubaridi, akadondosha tone la iodi. Fufu ikawa nyeusi. Chakula changu kikaenda hivyo hivyo, kwa ajili ya elimu. Hata sikugomba.

Yasmini alitazama fufu, akatikisa kichwa. "Fufu haiko mutoto yangu. Munionyeshe kama hamukumukata."

"Picha iko," Balagizi akasema haraka. "Iko hapa. Angalia mwenyewe."

Alikwisha kuinua mkono kuelekea kioo, na yule msichana akarudi nyuma mpaka ukutani. Akafunika uso kwa kanga. "Siwezi. Miye siwezi." Kisha kutoka ndani ya kanga: "Mama, angalia weye. Weye njo mwenye ulinipa neno. Ukisema iko muzima, nitaamini, nitamuzika. Usiposema, sitamuzika na sitakuamini tena, na nitaambia bamama wote wa Mugunga."

Nilijua alichokuwa anaombwa Mwasiti. Katika chumba kile ni mimi tu niliyejua. Akiangalia, neno lake linasimama, lakini yale maneno ya kando ya barabara, yale aliyoinukia na kutembelea miaka yote hii, yanaondoka. Asipoangalia, anabaki na damu yake, na hana tena heshima yake. Nikasema, "Miye nitaangalia. Acha miye niangalie."

"Sikujui, mama," Yasmini akanijibu, na alikuwa na haki.

Kifurushi cheusi Mwasiti alikuwa amekikumbatia kifuani. Halafu akasema, "Fungua."

Kioo kikawaka. Nilikuwa nimeziona picha zile mara nyingi, nikapita na birika langu la chai, lakini siku ile niliona kwa macho yake. Kichwa kimeinama juu ya kifua kama mtu anayetafakari. Mgongo mzima, pingili kwa pingili. Ngozi haina mpasuko popote, Balagizi akaizungusha polepole, mbele, nyuma, ubavuni, ili aone kwamba hakuna mahali kisu kimepita. Hapo angenyamaza. Lakini mtu mwenye fahari ya kazi yake hanyamazi. Akaingia ndani ya picha, akaonyesha moyo na vyumba vyake, ini, jicho, akaenda kwenye mkono, akaukuza mpaka ukajaza kioo.

"Vidole," akasema. "Imeachana yote, moja moja. Neuf semaines, mama, juma tisa. Hata miezi mitatu haiyafika."

Mwasiti alisogea. Uso wake ulikaribia kioo mpaka mwanga ukaingia kwenye mikunjo ya macho yake.

"Yote inakuwaka vile?" akauliza. "Ya kila mutu?"

"Yote, mama. Sawasawa."

"Na ile inamaliza miezi mitatu?"

Nilimkanyaga Balagizi mguu. Hakuelewa. Ana macho ya kuona moyo mdogo kuliko punje ya mchele, na hakumwona mwanamke aliyesimama mbele yake. Akajibu kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali zuri: "Ah, ile! Ile iko mukubwa. Ile inaanza kuota na makucha."

Mwasiti akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akamgeukia Yasmini.

"Hawakumukata. Iko muzima. Neno yangu iko palepale."

Yasmini akashusha kanga. "Ilikuwa damu, mama? Kama vile ulisema?"

Niliuona mdomo wa Mwasiti ukianza lile neno. Umelizoea, ungelisema wenyewe. Akaufunga. Alipoufungua tena akasema, "Hapana, mwanangu. Ilikuwa na vidole."

Yule msichana akakaa chini sakafuni, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mwanzo, na Mwasiti akakaa chini karibu naye, akamwacha alie. Hakumwambia usilie. Baadaye alivua mtandio wake mweupe, akachana upande mmoja, kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, hakina amido wala pasi. Akafungua kile cheusi akafunga upya, na safari hii aliangalia chini kwenye mikono yake tangu kona ya kwanza hadi ya mwisho. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele nyeupe zote. Nilikuwa sijui kwamba amezeeka hivyo.

Walizika adhuhuri, mahali alipopata udongo kidogo kati ya mwamba, pale anapozika siku zote. Yasmini aliondoka amemshika mkono mpaka njia panda.

Baada ya hapo benchi lilikaa tupu. Siku zikapita. Akina mama walikuja, nikawaambia ngojeni, na maneno ya Mwasiti nilijaribu kuyasema mimi, hayakunikaa mdomoni. Mwishowe nilifunga mlango mapema nikaenda Mabanga. Nyumba yake ni ya mbao, chumba na nusu, imefagiliwa mpaka mawe yanang'aa. Alikuwa ameketi kitandani, hana kazi mkononi. Nilimkuta hata moto hajawasha.

"Nilimuacha kwenye mawe, Christa," akasema. "Na makucha yake."

Nikawasha moto, nikateleka maji.

"Zamani nilikuwa peke yangu sababu sikukuwa na mutu," akasema tena, akiangalia ule moto. "Nikazoea. Sasa niko peke yangu sababu mutu wangu hayuko. Haiko sawa. Iko upweke ingine."

Jumapili, baada ya misa, nilimsindikiza Mugunga. Alitaka kuona mahali pale. Tuliteremka tukatembea kando ya barabara, yeye mbele, anasimama, anarudi, anasimama tena. Barabara imepanuliwa. Kambi za wakimbizi zimejengwa pale, zimebomolewa, zimejengwa, zimebomolewa tena, na kila aliyepita amechukua mawe ya kushikizia turubai lake. Palikuwa na gereji, na mama anauza maandazi, na mawe, mawe meusi kila upande, yote yanafanana. "Ilikuwa hapa," akasema. "Ao pale." Watu walituangalia. Alisimama katikati ya hapa na pale mpaka jua likaanza kutuchoma vichwa, akasoma dua yake fupi, bila kujua aelekee wapi na mikono yake. Kisha akanunua maandazi, akanipa mawili, tukarudi.

Juma lililofuata alirejea kwenye benchi. Anaendelea na kazi yake, anazika, na vitambaa vyake sasa anavifua tu, amido ameiacha. Mkono bado anauweka gotini. Lakini "ni damu tu" sijamsikia akiisema tena. Sheria huwaeleza akiulizwa, kwa maana sheria ni sheria na yeye si mtu wa kuibadilisha. Asipoulizwa, anakaa nao kimya.

Juzi aliingia mama mmoja wa Kibumba, mzungumzaji, mwenye majonzi yake lakini hawezi kukaa kimya nayo. Nikiwa namtafutia kikombe, akageukia benchi, akauliza kama wanawake wote wanavyouliza.

"Na weye, mama? Mama ya nani?"

Nikageuka haraka nimjibie. Nilikuwa nimeshaandaa mzaha wangu. Mwasiti akanitangulia.

"Mama Twahiru," akasema.

Jina la baba yake. Wa kike au wa kiume hakuwahi kujua, na hakuna msikiti utakaoliandika.

"Aa, Mama Twahiru," yule mama akaitikia, amefurahi. "Na Twahiru iko wapi?"

"Iko Mugunga."

"Amekuwa mukubwa?"

"Anaenda miaka makumi mbili na tatu."

"Mungu amukuze. Anakujaka kukuona?"

Mwasiti alikunja mtandio wake upande ule uliochanika, akaulaza vizuri begani.

"Hapana," akasema. "Miye njo naendaka."